Nilivyorudi Kwenye Mawe

Kwa miaka mingi nilikuwa fundi mwashi anayekataa mawe. Mtu akija kutaka nyumba nilimshauri ajenge kwa mbao na bati jepesi, tena misumari tusiizamishe yote, ili siku vita vikifika aibomoe usiku, aipakie kwenye chukudu, kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, na kuteremka nayo mjini Sake. Wengi walinishukuru. Hapa Masisi, mashariki mwa Kongo, ushauri huo una akili yake, na anayeufuata hadi leo simlaumu. Lakini mimi nimeshika tena timazi na nyundo ya kuchongea mawe, na wanaonijua wananiuliza kumetokea nini. Kilichonigeuza ni nyumba za wazee maskini zilizojengwa Uingereza karne nyingi zilizopita. Sijawahi kuzikanyaga. Nimeziona kwenye picha na kwenye ramani zake, na fundi akipewa ramani huwa ameshaingia ndani.

Nieleze kwanza mawe yalivyonitoka moyoni.

Nilizaliwa upande wa Walikale, msituni. Mwezi wa 3 mwaka 1993, watu walipouawa sokoni Ntoto na vita vikasambaa hadi Masisi, mama alitushika mikono akatupandisha milimani kwa ndugu zake. Huko ndiko nilikokulia na kujifunza kazi, nikianza kwa kubeba maji na mchanga. Mwalimu wangu alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi ya uashi kwenye monasteri ya Mokoto, ile iliyoanzishwa mwaka 1954 na watawa waliotoka Scourmont, Ubelgiji, kando ya maziwa yetu ya milimani. Mara nyingi aliichora chini kwa kijiti: huku kanisa, huku chumba cha kulia, huku vyumba vya kulala, na katikati bustani ya mraba iliyozungukwa na njia yenye paa. Alituambia kwamba mvua ya Masisi hunyesha itakavyo, na watawa huzunguka nyumba nzima bila kulowa. Kwa akili yangu ya utoto, faida ya ua ule iliishia kwenye mvua. Mwezi wa 5 mwaka 1996 Watutsi waliokuwa wamekimbilia Mokoto walivamiwa humo humo, wengi wakauawa, na watawa wakaondoka. Mwalimu wangu hakuichora tena bustani ile.

Hata hivyo nilijenga. Kitchanga nilimjengea mama nyumba yenye msingi wa mawe, kuta za matofali ya kuchoma, na barza mbele ya mlango, mahali pa kukaa jioni akichambua maharage. Mwishoni mwa mwezi wa 2 mwaka 2013 mapigano yaliingia ndani ya mji, na kwa siku chache mitaa mingi ya Kitchanga ikateketea. Nyumba ya mama ikabaki msingi. Yeye alipona. Alilala kwanza katika darasa la shule, kisha katika hangari ya kanisa, mkeka kwa mkeka na watu asiowajua. Nilipokwenda kumwona sikumsikia akilalamikia njaa, ingawa njaa ilikuwepo. Alilalamika kwamba hana pa kubadilishia nguo. Mjane, mama wa watu wazima, mwanamke aliyezoea kuheshimiwa, alilazimika kungoja giza ndipo abadilishe kitenge. Alifia katika hangari hiyo. Tangu hapo nikaapa kwamba sitatia tena jiwe ardhini ili moto uje uwe mrithi.

Mwezi wa 1 mwaka 2023 waasi wa M23 waliichukua Kitchanga, na watu wakajaa tena barabarani na magodoro vichwani. Parokia moja ya huku ikaniita. Miongoni mwa madeplase, yaani watu waliokimbia makwao, walikuwepo wazee waliofika peke yao kabisa. Watoto wao wamekufa, au wametawanyika Goma na Uganda, au siku ya risasi walikimbilia upande mwingine na hakuna aliyesikia habari zao. Nilitakiwa nijenge hangari moja ndefu ya nguzo za mkaratusi, mbao na shitingi, yaani turubai la plastiki, na mlango mmoja kila ncha. Niliijenga upesi, ikasimama vizuri, na mvua haikupita.

Wazee walipoingia, walianza kuigawa siku hiyo hiyo. Walitundika vitenge, wakasimamisha mikeka, wakafunua maboksi ya msaada na kuyashona kwa kamba za migomba. Kila mmoja alijikatia pembe yake. Mama mmoja, wa umri wa mama yangu, aliniita.

"Fundi, mwanangu, nipigie msumari hapa nitundike kitenge."

"Ndiyo, mama. Hapa?"

"Hapo. Lakini mlango wangu uangalie huku kwenye njia. Usiangalie kwa yule baba."

Kisha akapanga mafiga matatu mbele ya kitenge, ingawa ilikuwa imekatazwa kuwasha moto chini ya shitingi. Aliyapanga tu, yakakaa hapo bila moto.

Padri aliyesimamia kazi aliyatazama haya yote bila kuyazuia. Baadaye aliniletea kitabu cha Kifaransa cha historia ya majengo, akafungua ukurasa wenye picha ya nyumba ya St Mary's iliyoko Chichester, kusini mwa Uingereza. Ukumbi wake ni wa mwishoni mwa karne ya 13. Ni paa moja kubwa mno la mbao, linaloteremka pande zote mbili hadi karibu ya ardhi. Chini yake maskini na wagonjwa walilala kwa safu, na upande wa mashariki kuna kanisa dogo ili mtu aione altare akiwa kitandani. Kwa lugha yetu, hangari. Ilipita miaka kama 400. Katika karne ya 17 mafundi wakaingia ndani ya ukumbi ule ule, na chini ya paa lile lile wakajenga vijumba: kila mzee na mlango wake, chumba chake, meko yake, na dohani za matofali zikapanda zikalitoboa paa la zamani. Hadi leo wazee wanaishi humo.

Niliitazama picha ile muda mrefu sana. Safari ya Chichester ya miaka 400, wazee wa Masisi walikuwa wameifanya kwa vitenge na kamba ndani ya mchana mmoja. Walikuwa wakiimalizia kazi ambayo mimi niliiacha njiani. Na niliisikia tena sauti ya mama yangu akisema hana pa kubadilishia nguo.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kwenda kwa padri jioni. Tulisoma pamoja, yeye akifasiri pale Kifaransa kiliponishinda. Nilitaka kujua nani aliyafikiria mambo haya, kwa vipimo gani, na kwa fedha ya nani.

Mojawapo ya nyumba kongwe za wazee zinazokaliwa bado ni ya St Cross, mjini Winchester. Ilianzishwa miaka ya 1130 na askofu Henry wa Blois, ndugu wa mfalme Stephen. Aliagiza wazee 13 wasiojiweza wakae humo, na maskini 100 walishwe kila siku. Watu husema 13 ni hesabu ya Kristo na mitume wake. Msafiri akibisha getini hata leo na kuomba, hupewa kipande cha mkate na pombe kidogo.

Nikiwa nasoma hayo nilidhani tunazungumzia nchi iliyokuwa na utulivu. Padri akanifungulia ukurasa mwingine. Stephen na binamu yake Matilda waligombania kiti cha enzi, na kwa karibu miaka 20 nchi ikawa ya mabwana wenye majeshi yao, kila mmoja na ngome yake, kila mmoja akitoza ushuru barabarani. Nani kati yetu anahitaji kufafanuliwa hali kama hiyo? Mwaka 1141 pande mbili zilizingirana ndani ya Winchester yenyewe, na mji ukaungua kwa moto uliorushwa kutoka upande wa askofu Henry. Mtu aliyewajengea wazee 13 na mtu ambaye watu wake waliunguza mji wakawa mtu mmoja. Nyumba ya wazee, iliyokuwa nje kidogo ya mji, ikaendelea. Katika miaka ya 1440 kardinali Henry Beaufort akaiongezea safu ya makazi inayoonekana leo: vyumba vya wazee vimepangwa kuzunguka ua mkubwa wa majani, na dohani ndefu zimesimama mstari mmoja kama walinzi.

Ndivyo ilivyokuwa pia Ewelme, kijiji cha Oxfordshire. Mwaka 1437 bwana mmoja mkubwa, William de la Pole, na mkewe Alice Chaucer, mjukuu wa mshairi Chaucer, walipata idhini ya kujenga nyumba ya wazee 13 na mapadri wawili. Waliijenga kwa matofali wakati ambapo matofali sehemu zile yalikuwa bado kitu kigeni. Ramani yake ndiyo niliyoinakili kwenye daftari langu. Ua mdogo wa mraba. Njia yenye paa kuuzunguka. Milango ikitokea kwenye njia hiyo, na nyuma ya kila mlango makazi ya mtu mmoja. Juu ya kilima liko kanisa, na upande wa chini shule ambayo bado inafundisha watoto. Mwaka 1450 William alituhumiwa uhaini, akafukuzwa nchini, akakamatwa baharini na kukatwa kichwa. Miaka 5 baadaye koo za mabwana zikaanza vita vya kugombea ufalme vilivyochukua miaka 30. Alice aliishi hadi 1475, akazikwa kanisani pale, hatua chache kutoka kwa wazee wake. Nyumba bado inakaliwa.

Hapo ndipo kiapo changu kilipoanza kulegea. Nilikuwa nikingoja amani ndipo nishike mawe. Hawa walijenga moto ukiwa karibu, wengine mikono yao ikiwa na damu, na kuta zikadumu kuliko ugomvi wao. Nikaanza kufikiri upya kuhusu nyumba ya mama. Nilikuwa nikisema moto uliimaliza. Lakini msingi haukuungua. Walionipa habari za Kitchanga walisema bado upo, mraba wa mawe ndani ya majani. Nyumba yangu ya mbao ikishabomolewa na kupakiwa kwenye chukudu haiachi alama ya kusema hapa palikuwa pa fulani, na katika nchi ambayo mashamba hugombaniwa kila watu wanapohama na kurudi, alama hiyo ni kitu kikubwa.

Sasa niseme juu ya dohani, maana ndiyo iliyonishika kuliko yote.

Milima ya Masisi, mingine hupita mita 2,000, na usiku wake ni wa baridi kali. Mzee bila moto halali. Lakini moto ndani ya nyumba ya mbao ni hatari, na moshi unaokosa njia unamla macho na kifua. Ndiyo maana katika hangari moto ulikatazwa, na ndiyo maana mama yule aliyapanga mafiga yake yakae bila kazi. Sasa fikiria Uingereza ya miaka ya 1440. Maskini wengi wa wakati ule waliwasha moto katikati ya sakafu, na moshi ukajitafutia njia kwenye paa. Dohani ilikuwa kitu cha wenye uwezo. Beaufort alipompa kila mzee meko yenye dohani, alimpa kitu ambacho wakulima wengi wa kijijini hawakuwa nacho. Mtu akiwa mbali barabarani angehesabu moshi na kujua wazee wangapi wako hai na wameamka.

Nilitaka dohani. Padri akaogopa gharama, nami nikamwonyesha nilichojifunza kwenye ramani: vyumba viwili vikipeana mgongo, meko mbili zinakaa kwenye ukuta mmoja, na tofali zinapanda pamoja zikiwa na njia mbili za moshi ndani yake. Gharama inakaribia kupungua nusu. Tofali tulichoma wenyewe. Juu ya meko unabana koo la dohani polepole ili moshi uvutwe. Inapopita kwenye paa unaacha nafasi ya kiganja kati ya tofali na mbao, unaiziba kwa bati lililokunjwa, kisha unaipandisha kupita mgongo wa paa zaidi ya nusu mita, la sivyo upepo wa bondeni utaurudisha moshi ndani. Nilijaribu ya kwanza kwa majani mabichi ya mkaratusi, yenye moshi mzito kuliko yote ninayoyajua. Ulipanda moja kwa moja.

Lakini kabla ya kuchimba msingi palikuwa na kikao, na kikao kile kilikuwa kigumu kuliko ujenzi.

Mzee mmoja wa baraza alisimama akasema kwamba kwetu mzee hawekwi nyumba yake peke yake. Mzee hukaa kwa watoto wake, na nyumba za kuwakusanya wazee ni desturi ya Wazungu waliochoka na wazazi wao. Wengi walimuunga mkono, na mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Tukanyamaza. Mama yule wa kitenge akaomba ruhusa ya kusema.

"Baba, umesema vizuri. Basi niambie watoto wangu wako wapi, niende."

Hakuna aliyemjibu. Baada ya hapo mzee yule yule ndiye aliyeuliza swali la maana: je, mtu akishafunga mlango wake, nani atajua kama ameamka? Swali hilo lilijibiwa na mzee mwingine, aliyetoka Walikale, wa kabila la Wanyanga. Alitukumbusha lusu, nyumba ya wanaume ambayo zamani ilisimama kijijini kwao, mahali pa kula, kuota moto, kusimulia na kuamua mambo. Profesa Daniel Biebuyck alikaa na Wanyanga miaka ya 1950 na kuandika mengi juu ya maisha hayo. Mzee alisema: jengeni milango yenu, lakini yote iangalie mahali pamoja, na mahali hapo pawe na paa na moto wa wote. Nikafungua daftari langu nikamwonyesha Ewelme. Aliitazama njia ile yenye paa, akaifuata kwa kidole kuzunguka ua wote, akasema hiyo ni barza ndefu tu.

Kwa hiyo tulikubaliana. Vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande ule, vikitazamana kwenye ua. Barza moja kuunganisha milango yote, na mwisho wake banda la wazi lenye moto. Msingi wa mawe hadi usawa wa goti, juu yake mbao, na tofali kwenye meko na dohani peke yake. Mfereji kuzunguka nyuma, kwa sababu mteremko wa Masisi humwaga maji na matope bila huruma. Pipa la maji ya mvua kila upande. Kila mlango una komeo la ndani na kufuli la nje, na ufunguo anakaa nao mwenyewe.

Kuna mambo ya Waingereza tuliyoyakataa, na nisingekuwa mkweli nikiyaficha. Wazee wa nyumba zile walivalishwa majoho yenye nembo ili wajulikane ni wa nani. Ewelme walitakiwa kusali mara nyingi kwa siku kwa ajili ya roho za waliojenga, na aliyechelewa alikatwa posho. Waliochaguliwa ni wale walioonekana maskini wema, na walevi walifukuzwa. Na fedha zilitoka popote. Nyumba za Geffrye za mwaka 1714 zilizoko London, nyumba 14 nzuri zenye kanisa katikati, zilijengwa kwa urithi wa Robert Geffrye, aliyewahi kuwa meya wa mji huo, na sehemu ya utajiri wake ilitoka kwenye biashara ya watumwa. Majengo hayo leo ni makumbusho, na watu wa London wamebishana sana juu ya sanamu yake iliyowekwa mbele.

Mimi nimeona wazee wakivaa jetoni, kadi ya kupokelea msaada, shingoni siku nzima wakiogopa kuipoteza. Sikutaka nembo, wala sala ya lazima, wala jina la mfadhili juu ya geti. Vyumba viligawanywa kwa kura. Walioingia walikuwa wa makabila tofauti na madhehebu tofauti, na mmoja wao alikuwa mlevi wa kasiksi, pombe ya ndizi, aliyejulikana tangu mjini Mweso. Alipata chumba cha jua la asubuhi, na wengine wakamwonea wivu.

Kitu kimoja kingine hunisumbua nikikifikiria. Mji wa Bruges, huko Ubelgiji, una makumi ya nyumba za namna hii, vijumba vyeupe kuzunguka bustani, vilivyojengwa na matajiri na vyama vya mafundi tangu karne ya 14. Wabelgiji walizijua tangu utoto wao. Walipokuja kututawala walijenga huku stesheni, viwanda vya chai na kahawa, na kambi za wafanyakazi zenye vyumba vya mstari mmoja, mgongo kwa barabara. Ua ule wa Bruges hawakuuleta. Nimetembea kwenye mabaki ya kambi hizo na kipimo mkononi, na ninasema kama fundi: aliyezichora aliwaza saa za kazi na hakuwaza uzee.

Vita vilirudi, kama kila mtu ajuavyo. Mwezi wa 1 mwaka 2025 M23 waliingia Masisi-centre, baadaye mwezi huo Goma, na mwezi wa 3 wakafika hadi Walikale, ingawa huko waliondoka baada ya wiki chache. Tulikimbia. Wazee wawili walikataa kuondoka, wakafunga komeo zao na kukaa. Tuliporudi wote wawili walikuwa hai. Milango minne ilikuwa imeng'olewa na kuchukuliwa, mabati ya upande mmoja hayakuwepo, na mbao kadhaa zilikuwa zimechomwa kuni. Msingi ulikuwa palepale. Dohani zilikuwa zimesimama. Nilizunguka na timazi nikapima kila kona, na hakuna hata moja iliyokuwa imehama.

Tulijenga upya juu ya msingi ule ule. Safari hii hakuna aliyelazimika kubishana kuhusu kiwanja ni cha nani, maana mawe yalionyesha. Wazee waliponiorodheshea mahitaji yao, milango ilitangulia mabati. Nililala chini ya shitingi pamoja nao usiku wa kwanza, na wote walikuwa na moto.

Sasa tunataka ua wa pili, upande wa Walikale, na huko ramani itabidi ibadilike. Walikale ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, sehemu zake nyingi ni msitu wa chini wenye joto na unyevu. Dohani hazina kazi huko. Mchwa ndio adui, na maji yanayopanda kutoka ardhini. Sakafu itainuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, jiko litasimama peke yake nyuma, barza itapanuliwa hadi iwe kubwa kuliko vyumba, na paa tutaezeka kwa majani, yanayotuliza joto na ambayo hayana thamani kwa mwizi.

Kinachonikosesha usingizi ni shamba. Nilipomuuliza padri jinsi Ewelme ilivyovuka karne 6 hali waliojenga wamekufa zamani, alinionyesha majina matatu: Marsh Gibbon, Ramridge na Conock. Ni mashamba ambayo William na Alice waliyatoa pamoja na nyumba, ili kodi yake ilishe wazee na kutengeneza paa milele. Kule pwani ya Waswahili wanaoweka nyumba na minazi kuwa wakf kwa ajili ya maskini wanaijua hesabu hiyo. Sisi ua wetu wa Masisi unategemea kipande cha viazi cha parokia na mikono ya watu wema, na mikono ya watu wema huchoka au hukimbia. Kwa hiyo Walikale nimesema sitachimba msingi kabla shamba halijapatikana. Mzee yule Mnyanga ametupeleka kwa ukoo wenye michikichi ya zamani iliyoachwa tangu wakati wa vita. Ukoo umekubali kuizungumzia. Chifu anataka mipaka ipimwe mbele ya majirani wote, waliopo na waliorudi, na karatasi iwekwe dole gumba na kila upande, wazee watakaokaa humo wakiwa upande mmojawapo. Upimaji umepangwa baada ya mvua hizi, na vigingi nimeshaanza kuvichonga.